Swali Nililomuuliza Gaudensi

Skola mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi sitauliza, maana hali yako naijua, na ndiyo iliyonikalisha hapa mezani badala ya kwenda kuchoma takataka kama nilivyomwahidi mama yako. Wewe umekwenda Kasense kumuaga bibi. Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga za njiani, na kwa harufu ninayoisikia, nusu yake ameshaziunguza. Basi linaondoka kesho alfajiri. Nina muda mpaka jua lizame, baada ya hapo utarudi na ujasiri utaniishia.

Mambo ya safari nayaacha. Usile nini Tunduma, begi ulikumbatie vipi, nani wa kumwogopa Dar: mama yako ameyasema tangu Jumapili na kesho atayarudia stendi mbele za watu, mpaka utamani ardhi ipasuke. Mimi nataka kukueleza habari za zile raba.

Unazikumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Ulizitoa kwenye boksi chini ya kitanda chetu, raba nyeupe ndefu zenye mstari mwekundu, ukazivaa juu ya soksi tatu ukaja nazo uani unadunda mpira. Nikakupiga kofi. Sikuwahi kukupiga kabla ya siku hiyo wala sijarudia tena. Hukulia. Ulizivua, ukazifuta vumbi kwa gauni lako, ukazirudisha ndani ya boksi zikiwa zimepangwa vizuri. Nilikuambia ni za mtu, na wewe hukuuliza mtu gani. Nisamehe kwa kofi lile. Na ujue kwamba siku ile, badala ya kuona aibu, nilijisifu moyoni kuwa nimezaa mtoto mwenye adabu.

Raba hizo ni za Gaudensi, kijana wa kijiji cha Kate, na Gaudensi hayupo duniani kwa sababu yangu. Nimeishi na wewe miaka yote hii bila kulisema hilo, na sasa nimeliandika, kwa hiyo acha niendelee kabla sijaichana karatasi.

Mpira wa kikapu nilijifunza hapa hapa Sumbawanga, kwenye ule uwanja wa saruji nyuma ya parokia ambako na wewe umejifunzia. Upepo wetu unaujua. Ukirusha mpira juu mwezi wa saba, utaenda kuufuata kwa jirani. Kwa hiyo sisi tulirusha chini chini, tukiugongesha ubaoni, na tulidhani dunia nzima inacheza hivyo. Nilipofika Dar wakanicheka. "Huyu Mfipa ana ugomvi gani na ubao?" Walicheka mpaka walipoanza kuhesabu magoli.

Nilicheza kwenye kiwanda cha nguo, mali ya umma. Siku hizo mchezaji aliajiriwa kiwandani: asubuhi yuko kwenye mashine, saa tisa na nusu anaachiwa aende mazoezini. Goti langu lilipokufa wakanifanya kocha, wakidhani wananihurumia. Mwaka wa pili nikawapa kombe. Basi nikaanza kuvimba kichwa. Mama yako, aliyekuwa amebaki huku na wewe, ananiambia mpaka leo kwamba barua zangu za miaka ile zilinuka majivuno kutoka kwenye bahasha.

Nilipokuja likizo nikasikia kwamba Kate kuna kijana anayeinama kwenye kila mlango. Nikapanda lori la maharage kumfuata. Nilimkuta anapura ulezi nyumbani kwao, mikono mirefu, na kila fimbo ilipotua ilitua palepale ilipotua ya kwanza. Nikajua nimepata mtu. Mama yake alikuwa mjane, na huyo alikuwa mwanawe wa pekee.

Mama yule hakuuliza mshahara wala nyumba. Alipiga magoti, akapiga yale makofi yetu ya taratibu ya heshima, akatupikia, tukala. Kisha akaushika mkono wa mwanawe akauweka ndani ya wangu.

"Baba yake hayupo," akasema. "Kuanzia leo ni wewe. Akikosea, mchape. Ila utanirudishia mwenyewe, kwa mkono huu huu."

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia Gaudensi. "Huyu ndiye baba yako. Akikwambia jambo, nisisikie umembishia."

"Ndiyo, mama," Gaudensi akasema.

Nilifurahi mno. Vijana wa mjini walikuwa wananitoa roho: leo kocha mguu umekaza, kesho kocha nina msiba, na msiba wenyewe uko disko. Gaudensi hakuwa na visingizio. Ukimwambia kimbia alikimbia, ukisahau kumwambia simama aliendelea. Mbele ya watu wote aliniita baba, wenzake wakamtania. "Mshikaji, huyu ni kocha tu, si baba yako." Alikuwa anawajibu kwa upole, "Alinipokea kwa mama."

Sasa, miaka hiyo ndiyo soko lilikuwa limefunguliwa, na mitumba imeanza kuingia kwa fujo. Sisi watu wa kikapu tulishangilia. Ndani ya yale marobota ndimo zilimokuwa raba za kikapu za kweli, ambazo zamani tuliziona kwenye picha. Nilizunguka mnadani Jumamosi nzima nikampatia Gaudensi zile nyeupe. Zilimzidi kidogo, akajaza gazeti mbele. Sikufikiria kwamba robota lililotupa raba ndilo lilikuwa linakiua kiwanda chetu. Nani angenunua kitambaa chetu apeleke kwa fundi, wakati shati lililoshonwa tayari linauzwa chini kwa bei ya soda mbili?

Mashine zikaanza kunyamaza moja moja. Likaja neno ubinafsishaji, likafuatwa na neno kupunguzwa. Kila Ijumaa karatasi ya majina ilibandikwa getini, na ungeona watu wazima wanaisogelea kwa hatua fupi fupi. Mwishowe meneja akaniita. "Kocha, mwekezaji atakuja Jumamosi kwenye fainali. Anapenda michezo. Mkichukua kombe mbele ya macho yake, timu yako nitaitetea na vijana watabaki kazini. Mkifungwa, usije ukanilaumu."

Maneno hayo nikayabeba mabichi nikawamwagia vijana. Nilidhani nawatia moyo, kumbe nawatwika mzigo wa watu wazima. Gaudensi alikuwa anamtumia mama yake karibu kila alichopata. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya mpira.

Jumamosi asubuhi wenzake wakanifuata: Gaudensi haamki. Nikaenda chumbani kwao. Kulikuwa na joto lile la Dar la mwezi wa pili, na yeye amekaa kitandani amejifunga blanketi, meno yanagongana. Nilisimama mlangoni. Nakumbuka nilivyosimama, Skola, mikono kiunoni, filimbi shingoni.

"Gaudensi, unaweza?"

Akaliweka blanketi pembeni. Akatazama chini.

"Naweza, baba."

"Safi," nikasema, nikaondoka.

Kutoka mlangoni mpaka kitandani zilikuwa hatua tatu. Ningeweza kuzipiga, nikamgusa paji la uso. Sikuzipiga kwa sababu ningemgusa ningejua, na ningejua ningelazimika kumpeleka hospitali. Nimezirudia hatua hizo tatu mara nyingi kuliko mchezo wowote niliowahi kushinda.

Alicheza vipindi vyote viwili. Kila mpira uliogonga ubao ulikuwa wake. Tulishinda kwa magoli machache, na filimbi ya mwisho ilipolia aliketi katikati ya uwanja, wengine wakadhani ni furaha. Mwekezaji alinipa mkono. Nilikuwa napigwa picha wakati wanambeba.

Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Daktari alisema maneno mawili tu, "Angeletwa asubuhi," akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jumapili Gaudensi alifumbua macho mara moja. Akaniuliza, "Tumebaki, baba?" Alikuwa anauliza habari za kazi. Nikamwambia tumebaki. Akafa Jumatatu.

Na bado sijafika kwenye lililo baya kuliko yote. Jeneza lilitakiwa kuondoka Jumanne, na Jumanne hiyo hiyo mwekezaji aliitisha kikao na viongozi wa timu. Nilichagua kikao. Niliwatuma wachezaji wawili wamsindikize Gaudensi, treni mpaka Mbeya, kisha malori mpaka Kate, siku nne njiani. Mimi niliyeahidi mkono wangu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ngozi nakunywa chai ya maziwa. Baada ya miezi mitatu timu ikavunjwa, mashine zikauzwa vyuma chakavu, na kombe lenyewe sijui liliishia wapi.

Ulipita mwaka ndipo nikapata uso wa kwenda Kate. Nilichukua zile raba, nimezisafisha. Mama yake alinipokea kama mara ya kwanza. Alipiga magoti, alipiga makofi, alinipikia ugali wa ulezi na maharage. Nilitamani anitukane. Tulipomaliza kunawa akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mlimuuliza hali yake?"

"Nilimuuliza, mama. Nilimuuliza kama anaweza."

"Akasemaje?"

"Akasema anaweza."

Alivuta ungo, akachambua ulezi ambao haukuwa na taka yoyote. "Sasa, baba, angesemaje?" akasema. "Mimi mwenyewe nilimkataza kukubishia."

Hapo nikaona kwamba mwaka mzima naye amekuwa akijishtaki, peke yake, kwa kosa langu. Nilimwambia si kosa lake. Nilimwambia mara nyingi, nikalia mbele yake kama mtoto, na sijui kama aliniamini. Raba alizikataa. "Hizo ulimpa wewe," akasema. "Kaa nazo." Ndizo zilizoko chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo sijamuuliza mchezaji yeyote kama anaweza. Nilielewa kwamba mtu asiyeweza kukukatalia ukimuuliza hujamuuliza, umemwamuru kwa sauti ya upole. Vijana wetu wa huku ndivyo tulivyowalea, na kila mtu anawasifu kwa hilo, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa hiyo niliporudi kazini, kwenye ile klabu iliyonipa mkataba wangu wa kwanza wa kulipwa ukocha tu, nilianzisha utaratibu. Asubuhi ya mchezo jezi zote zinakunjwa na kuwekwa juu ya benchi. Wachezaji wanaingia mmoja mmoja, chumba kikiwa hakina mtu. Mimi nakaa nje, nimeupa mlango mgongo. Anayeweza anavaa jezi yake. Asiyeweza anaiacha ilivyo na kutoka kwa mlango wa nyuma, na hakuna mtu atakayemuuliza kitu mpaka kesho yake.

Waliothubutu kunicheka walinicheka. Wengine waliogopa. Gazeti moja likaandika kwamba kocha kutoka Sumbawanga anawafungia wachezaji chumbani na ndumba zake, na unajua watu wanavyotusema sisi. Timu pinzani zikawa zinamwaga chumvi mlangoni mwetu. Mimi nikaacha waamini. Mwezi wa kwanza nilifungwa vibaya kwa sababu nyota wangu wawili waliziacha jezi benchi. Lakini msimu ulipofika mwisho, wenzangu wote walikuwa na wachezaji wanaochechemea, na wangu walikuwa wazima. Tukachukua kombe. Mwaka uliofuata tukalichukua tena. Vikombe vile vya kabatini unavyovifuta vumbi kila Krismasi, vyote vimetoka kwenye jezi zilizoachwa benchi. Watu waliniuliza siri yangu kwenye redio, nikawaambia nidhamu na mazoezi. Sikuwa na ujasiri wa kusema nimejifunza kwa mtoto wa mtu.

Na si kwamba utaratibu huo uliniweka huru na Gaudensi. Kila fainali, vijana wakijipanga kabla ya filimbi, mimi huwahesabu. Timu ni watu kumi na wawili. Wangu wanatimia kumi na watatu. Nahesabu tena, wanatimia kumi na watatu, yule mrefu wa mwisho anatazama chini. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Kocha wa Sumbawanga akisema anaona wafu uwanjani, nani atabaki kumtetea? Niliacha kazi bado nashinda, wakasema nimechoka. Nilikuwa naogopa kuhesabu.

Nimerudi nyumbani, nimefundisha watoto wa mtaa, nimekufundisha wewe, na kwa miaka kadhaa nikadhani mimi na Gaudensi tumemalizana. Sasa nakuja kwako.

Jumatatu jioni ulitua vibaya pale uwanjani. Uliinuka unacheka. Tangu siku hiyo unashuka ngazi za jikoni kwa kutanguliza mguu mmoja tu, kila mara ule ule. Kanga moja ya mama yako imechanwa pindo, anamlaumu panya, na mimi najua pindo lilipofungwa. Mimi ni kocha, Skola. Nimelipwa miaka mingi kutazama miguu ya watu.

Jana nikakuita. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwako, mikono kiunoni, Mungu anisamehe.

"Skola, unaweza?"

Ukatazama chini. "Naweza, baba."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Sikuwaona kuku. Wachezaji wa watu nimewapa namna ya kukataa, na wewe niliyekuzaa nimekupa adabu peke yake. Usimbishie mtu mzima, usimtazame usoni, akikuuliza sema ndiyo. Walimu walikusifu, mapadri walikusifu, nikajaa sifa. Kumbe nimemlea Gaudensi mwingine ndani ya nyumba yangu.

Sikudanganyi kuhusu hayo majaribio ya timu unayoyaendea Dar. Ni Jumamosi, nafasi ni mbili, wasichana ni wengi. Nimempigia simu kocha wao, kijana niliyemfundisha mwenyewe, nikamuuliza kwa mzunguko kama wanaweza kumsubiri mtu. Hawasubiri. Na mimi pia sijui mguu umeumia kiasi gani. Huenda ni mshtuko tu, kufika Jumamosi umekwisha. Huenda ukiuchezea sasa hutacheza tena, kama mimi na goti langu. Anayejua ni wewe peke yako, na sitaki kukupokonya ujuzi huo kwa kukukataza, kama nilivyotaka kukupokonya jana kwa kukuuliza.

Basi nimefanya hivi. Jezi yako nimeitoa kwenye begi. Nimeikunja, iko juu ya kiti cha sebuleni, kile cha karibu na redio. Mama yako nitamwomba akae jikoni na karanga zake. Barua hii utaikuta juu ya mto wako. Alfajiri ukiamka, sebuleni hakutakuwa na mtu. Mimi nitakuwa nje kwenye baridi, nimeupa mlango mgongo.

Ukitoka umeivaa, nitabeba begi lako mpaka stendi na sitasema neno juu ya mguu. Ukiiacha imekunjwa, rudi ukalale. Nitakwenda stendi peke yangu kumwambia kondakta kiti chako kiko wazi, na nikirudi sitakuuliza kitu, si kesho, si Jumamosi. Karanga tutazila wenyewe, hata zilizoungua.

Nimeshalisikia jibu la adabu, la kwake na la kwako, na sauti ni moja. Kesho sitaki jibu la mdomo. Nitasikiliza mlango tu, ule wa mbele ukifunguka au ule wa chumba chako ukifungwa. Wowote nitakaousikia, nitajua kwamba safari hii mtoto wangu ndiye aliyeamua, na nitageuka.

Baba yako.